Barua ya Wazi kwa Walezi wa Makuruta

Kwa Wakuu wa Makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa maafande wote waliokabidhiwa makuruta.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa raia mzee ambaye zamani za ujana wake alipita mikononi mwa watu wa kazi yenu, akala maharage ya kambi na kulima shamba la kambi, akatoka huko mzima wa mwili na mwenye shukrani kwa mengi. Kisha akafundisha shule za sekondari mpaka kustaafu, na kwa sababu hiyo akawa mtu ambaye vijana wa kidato cha sita humjia kabla ya kwenda kambini kumwuliza kukoje, na humjia tena baada ya kurudi kumweleza kulivyokuwa. Katika masimulizi yao limo jambo moja ambalo karibu kila mmoja hulikiri kwa sauti ya chini, na ambalo sidhani mmepata kuambiwa waziwazi, kwa kuwa nyinyi ndio watu wa mwisho ambao kuruta angethubutu kuwaambia: kwamba ulikuwapo usiku, aghalabu katika juma la kwanza au la pili, alipolala macho wazi ndani ya hanga akiwaza namna ya kurudi kwao.

Wengi wao waliliwaza jambo hilo wasilitende. Wachache walilitenda, wakaitwa watoro, na habari yao ikaishia hapo. Lakini mimi, baada ya kuwasikiliza wa pande zote mbili, naamini kwamba aliyetoroka na aliyebaki walikuwa na fikira moja usiku ule, na kwamba kilichowatenganisha mara nyingi hakikuwa ushujaa wala woga, bali tukio dogo la kesho yake, kama vile koplo aliyesimama na kumwuliza mmoja wao jina lake na kwao ni wapi, na koplo mwingine aliyempita mwenziwe kana kwamba hakuna mtu pale.

Najua tafsiri mnayoipa habari hii, maana ndiyo tuliyopewa sisi, na waliotutangulia walipewa hiyo hiyo: kwamba kijana wa zama hizi ni laini. Zamani ulaini wake uliletwa na shule. Leo unaletwa na simu ya mkononi na chipsi. Kila kizazi cha maafande kimepokea kizazi kilicho laini kuliko chake, na lau hesabu hii ingekuwa sahihi, kufikia sasa nchi isingekuwa na mtu awezaye kunyanyua jembe. Sikatai kwamba walegevu wapo, na wapo wategaji ambao hata sisi wenzao tuliwajua na kuwachukia. Walakini miongoni mwa walionieleza habari za usiku ule wamo watoto wa wakulima wa Kasulu na wa wavuvi wa Kilwa, waliozoea tangu utotoni kuchota maji mbali na kuvuta majarife, na hao kazi haikuwashinda. Walitamani kuondoka hata hivyo. Basi ugumu wa kazi peke yake hauwezi kuwa jawabu.

Hebu tumtazame kijana huyo anavyofika. Ameitwa kwa mujibu wa sheria muda mfupi baada ya mtihani wake wa mwisho. Wazazi wamezunguka madukani kutafuta bukta ya bluu iliyokoza inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za michezo, shuka mbili za bluu bahari na soksi ndefu nyeusi, kama maelekezo yenu yasemavyo, na mama ameongeza kwa siri kopo la karanga ambalo litachukuliwa langoni. Amepangiwa kambi iliyo mbali na kwao, Bulombora huko Kigoma, au Mlale upande wa Songea, au Oljoro Arusha. Na kijana wa Pwani aliyepangiwa Mafinga mwezi wa Juni hukutana na baridi ambayo hajapata kuiona maishani. Siku ile ile hunyolewa, huachana na simu, hupangwa katika kombania ya watu asiowajua, na jina aliloitwa nyumbani kwa miaka kumi na minane humezwa na neno kuruta. Usingizi wake hukatwa vipande: filimbi, mchakamchaka kabla ya jua, kwata, fatiki, shamba, na usiku zamu ya lindo. Haya yote nayajua kuwa ni desturi ya majeshi ulimwenguni, na sikuja kuyalaumu. Nasema tu kwamba katika majuma hayo mawili mtu huvuliwa kila kilichomjulisha kuwa yeye ni nani, na bado hajavikwa kipya. Hana urafiki wa hanga, hana fahari ya paredi, hana hata mwili uliozoea. Mfinyanzi huuponda udongo, lakini kwanza huuloweka. Hapo ndipo wazo la kuondoka huzaliwa, na hapo ndipo, kwa ajabu, kambi nyingi huchagua kuwa kali kupita wakati mwingine wowote, kwa dhana kwamba kuruta asipotishwa siku ya kwanza hatatishika tena.

Mwili nao una kesi yake, na napenda kuieleza kwa kituo kwa sababu ni kesi ambayo elimu imekwisha kuikata. Mwaka 1855 tabibu wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt aliandika habari za askari waliovimba miguu na kushindwa kukanyaga baada ya matembezi marefu, bila jeraha la kuonekana. Miaka arobaini baadaye, eksirei ilipogunduliwa mwaka 1895, ndipo madaktari walipopata njia ya kuona kilichokuwamo: mfupa ulikuwa umepasuka ufa mwembamba, si kwa pigo moja, bali kwa maelfu ya vishindo vidogo vilivyorudiwa bila mapumziko. Mfupa unapotwishwa mzigo mpya hubomoa kwanza kilicho dhaifu ndani yake kabla ya kujenga kilicho imara, na kwa hiyo katika majuma machache ya mwanzo kijana aliyeketi darasani miaka miwili, akaanza ghafula kukimbia kila alfajiri kwa raba za bei nafuu, mfupa wake wa muundi huwa dhaifu kuliko siku aliyoingia langoni. Wasichana hupatwa zaidi kuliko wavulana. Jambo hili haliponywi kwa kurushwa kichura. Huponywa kwa mapumziko, na huzuiwa kwa kuongeza mbio kidogo kidogo badala ya kuzimwaga zote juma la kwanza.

Sasa mfikirieni kuruta mwenye ufa wa namna hiyo. Kwa macho hana kitu. Akisema mguu unamwuma, huambiwa anategea, na wenzake hucheka. Akinyamaza, maumivu huzidi hata akashindwa kweli, na siku hiyo huambiwa kwamba alikuwa akijiandaa kutegea tangu mwanzo. Nimepata kuona, katika kambi nisiyoitaja, kijana aliyeburuta mguu mpaka akaanguka mbele ya kombania nzima, na hata alipokuwa chini afande aliendelea kumhesabia. Kijana yule hakuwa na nia ya kuondoka jeshini siku ya jana yake. Alikuwa nayo jioni ile, na sisi tuliokuwa tumesimama mstarini tukaanza kuwa nayo pamoja naye.

Neno ninalolitafuta hapa ni udhalili. Baina ya taabu na udhalili kuna mpaka, na kuruta, hata awe mshamba namna gani, huujua mpaka huo kuliko mkufunzi anavyodhani. Kubeba gogo kilima kizima ni taabu. Kubeba gogo huku mtu akitukaniwa mama yake ni udhalili. Kulala saa chache kwa sababu kambi inalindwa ni taabu. Kuamshwa usiku ili wakubwa wacheke ni udhalili. Taabu huwafanya watu wa hanga moja kuwa ndugu, na ndiyo maana wazee wa rika langu wakikutana hadi leo huulizana walipitia kambi gani kabla hawajaulizana habari za wajukuu. Udhalili humtenga kila mmoja na mwenziwe, kwa kuwa hakuna apendaye kumkumbuka aliyemwona akidhalilika.

Msidhani kwamba maradhi haya ni yetu peke yetu. Usiku wa tarehe 8 Aprili 1956, huko Parris Island katika jimbo la South Carolina, Marekani, ambako askari wa majini hufundishwa, sajenti mmoja aliyeona makuruta wake wamelegea katika nidhamu aliwaongoza gizani kuingia katika hori la maji ya bahari liitwalo Ribbon Creek, ili wajifunze adabu. Sita hawakutoka hai. Sajenti yule alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na jeshi lile, ambalo halikuwa na sifa ya kudekeza mtu, likalazimika kuwawekea wakufunzi wake usimamizi ambao hawakuwa nao. Askari wa majini wa Marekani hawakugeuka laini kwa sababu hiyo.

Lipo pia jambo la kujua sababu ya kuwapo kambini. Kijana aliyejitolea ana yake kichwani. Aliyeitwa kwa mujibu wa sheria mara nyingi hana, ila barua iliyomwita. Tena kwa miaka mingi, tangu wito ule uliosimamishwa mwaka 1994 uliporudishwa mwaka 2013, makambi hayakutosha kuwachukua wahitimu wote, na hivyo mmoja alilima katika kambi ya Rwamkoma huku mwenzake wa dawati moja akikaa nyumbani akingoja chuo, na wote wawili wakaingia chuo kikuu siku moja. Kuruta huyo akiuliza kwa nini yeye, huambiwa kwamba jeshini hakuna kwa nini. Naam, katika amri hakuna kwa nini. Lakini mafunzo si amri tupu, na mtu asiyejua analofundishwa litamfaa nini huona kila siku ya mafunzo kuwa siku aliyoibiwa.

Mambo haya ya wito wa lazima yalipata kuitikisa nchi. Serikali ilipotangaza mwaka 1966 kwamba wasomi watalitumikia Taifa kwa miaka miwili, miezi kama mitano kambini na iliyobaki kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana tarehe 22 Oktoba hadi Ikulu, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao takriban 400. Wengi hukumbuka hasira yake siku ile. Mimi hukumbuka zaidi lililofuata, kwamba alijikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Katika shauri la wanafunzi nilikuwa upande wake, na niko upande wake mpaka leo, kwani walidai jaha iliyolipwa na jasho la mkulima. Lakini hekima iliyoifanya adhabu ile ivumilike ni kwamba aliyeamuru wenziwe wajinyime alianza na nafsi yake. Katika makambi yenu wapo maafande wa namna hiyo, wakimbiao mbele ya platuni badala ya kuifuata kwa fimbo, wanaokula baada ya makuruta kula, na sijapata kumsikia kijana hata mmoja akisema alitoroka kwa sababu ya afande wa aina hiyo, ijapokuwa mara nyingi ndiye aliyewachosha kuliko wote.

Mtaniambia kwamba vita havina upole, na kwamba aliyedekezwa kambini hufa wa kwanza. Nakubali nusu. Katika vita vya Kagera, tangu majeshi ya Amin yalipovuka mpaka mwaka 1978 hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, vijana wetu na mgambo wetu walitembea kwa miguu masafa ambayo hakuna kwata iliyopata kuwaandalia, na waliopata mafunzo thabiti waliwashukuru waliowafundisha. Lakini waulizeni wazee hao kilichowatembeza. Watawaambia kwamba kila mtu, hata mpishi, alijua kwa nini yuko njiani.

Na mtu huweza kustahimili mengi akijua yana mwisho. Huko Eritrea sheria ya mwaka 1995 ilisema utumishi wa taifa ni miezi 18, sita ya mafunzo na kumi na miwili ya kazi. Vita vya 1998 vikaja, mwisho ule ukafutika, na vijana waliopelekwa kambi ya Sawa wakajikuta ndani ya utumishi usio na siku ya kutoka. Maelfu wameihama nchi kwa sababu hiyo, kupitia jangwani na baharini, na hao wengi wao hawakuikimbia kwata. Kwetu hali si hiyo, alhamdulillahi; miezi mitatu ya mujibu ni miezi mitatu. Lakini kijana wa kujitolea yuko katika jambo linalokaribia hilo, maana ijapokuwa matangazo yenu husema kila mwaka kwamba JKT halitoi ajira, yeye huingia akitumaini kuandikwa jeshini, polisi, magereza au uhamiaji, na hakuna amwambiaye kwa uso mkavu ni wangapi hupata. Mwezi wa Aprili 2021 vijana zaidi ya 800 waliondolewa makambini kwa kugoma na kutaka kuandamana wakidai kuandikwa. Hawa hawakuwa walegevu. Walikuwa wamejenga na kulima kwa muda mrefu. Kosa lao la nidhamu ni kosa, nami siwatetei katika hilo, bali nasema kwamba tumaini lililoachwa bila kipimo ni deni, na siku moja mwenye kulidai hubisha hodi.

Kuhusu mabinti sitarefusha, ila nitasema kwa uwazi kwa sababu wao wenyewe huona haya kusema. Maji yasiyotosha siku za hedhi, hanga lisilo na mahali pa faragha, na mkubwa anayemwita kuruta wa kike peke yake baada ya saa za kazi, ni mambo matatu ambayo lolote katika hayo latosha kumfanya msichana hodari atamani kuondoka, na hakuna hata moja kati yake lililo sehemu ya ukakamavu. Mpeni matroni madaraka ya kweli, si cheo cha kutunza funguo.

Sasa nije kwenye mlango. Kwa kuruta wa leo kuna njia mbili tu, kuvumilia au kutoroka, na kutoroka ni kosa. Kwa hiyo wazo la kuondoka, ambalo ni la kawaida kama homa, hulazimika kufichwa, na likifichwa hukua. Uingereza wametafuta njia ya tatu: kuruta mtu mzima aliyekwisha kukaa siku 28 ana haki, ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, kuomba aachiwe bila aibu, na aliye chini ya miaka 18 huweza kuomba hata siku za baadaye mpaka atimize umri huo. Wapo wanaoitumia haki hiyo. Na wale wasioitumia hubaki wakijua kwamba wamebaki kwa hiari yao. Sidai kwamba sheria ya Tanzania igeuzwe kesho iwe hivyo, hasa kwa mujibu ambao ni wajibu wa raia. Nadai lililo dogo kuliko hilo: kwamba awepo wa kusikiliza.

Nasi tulikwisha kuonyeshwa gharama ya kutosikiliza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito, ambao leo kambi yao tunaiita Lugalo, waliasi kwa sababu ya mishahara na maofisa wa Kiingereza waliokuwa bado juu yao miaka miwili baada ya uhuru. Na mambo hayo mawili yalikuwa yakinong'onwa kambini muda mrefu kabla ya bunduki kutoka. Jeshi lile likavunjwa, na lilipoundwa jipya tarehe 1 Septemba mwaka ule ule, lilitafuta askari wake miongoni mwa vijana wa TANU na wa JKT. Jeshi lenu, waheshimiwa, lililoanza tarehe 10 Julai 1963, lilikuwa sehemu ya dawa ya maradhi yale. Litakuwa jambo la kusikitisha likiyarithi.

Basi kabla kundi lijalo la kidato cha sita halijafika malangoni mwenu, nawaomba mambo ambayo hayahitaji fungu jipya la fedha. Mwekeni katika kila kombania afande mmoja asiye mkufunzi wao, ambaye kuruta ana ruhusa ya kumwendea bila kupitia kwa koplo wake, na ambaye atajibu. Waruhusuni kuandika barua nyumbani katika juma la kwanza, si la sita. Pandisheni mbio kwa daraja, na neno la daktari juu ya mguu unaouma liwe la mwisho. Wakufunzi wakatazwe matusi kwa amri iliyoandikwa na kusomwa mbele ya makuruta wenyewe, ili wajue kwamba imekatazwa. Na jioni ya siku ya kwanza, kabla ya filimbi ya kulala, mkuu wa kambi mwenyewe asimame mbele yao awaambie wamekuja kufanya nini, kwa muda gani, na kwamba usiku watakaotamani kurudi kwao utakuja, ulimjia yeye pia, na ukija wamwendee nani.

Wasalaam,

Raia aliyepata kuwa kuruta